Bahasha ya Mama Abby

Duka la Abdulbasit Amin liko Voi mjini, uchochoro wa pili nyuma ya soko, na harufu ya kwanza kukupokea mlangoni ni ya kitambaa kipya ambacho bado hakijaonja maji. Anauza leso, vikoi, kanzu, shuka za wanafunzi wa bweni, uzi na vifungo. Ana miaka sitini na miwili. Ana ugonjwa wa sukari, ambao huusingizia kila anapokuwa na hasira, na ana tabia ya kukunja upya leso ambayo mteja ameshaikunja vizuri. Wenzake wa barazani humtania kwamba siku ya kufa kwake atainuka kidogo aisawazishe sanda, kisha ndio alale.

Leso sizo zilizompa jina, hata hivyo. Chini ya kaunta yake kuna kasha la bati lililokuwa la marehemu baba yake, na ndani ya kasha hilo kuna bahasha za watu wa milimani. Mtindo huu ulianza zamani, wakati mzee Amin alipokuwa mtu pekee karibu na soko mwenye kufuli la maana. Akina mama walioteremka kutoka Wundanyi, Werugha na Mgange kuuza mboga waliona nyumbani si mahali pa kuweka hati ya shamba. Nyumbani kuna panya, kuna paa linalovuja, kuna shemeji anayelitazama shamba kwa jicho la upande, kuna mpwa ambaye akikosa ya pombe anaweza kuuza chochote chenye muhuri. Basi wakamwachia Mwislamu wa dukani awawekee. Ni vizazi viwili sasa. Hati za mashamba, vyeti vya shule, vya ubatizo na vya ndoa za kanisani vimelala chini ya kaunta ya watu wasiokwenda kanisani, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Utaratibu ni mmoja. Mwenye karatasi huzitia kwenye bahasha mwenyewe, hubandika gundi mwenyewe, kisha huweka sahihi juu ya kifuniko, nusu ya jina huku na nusu kule, ili ikifunguliwa ijulikane. Abdulbasit huipokea kwa mikono miwili na kuifungia. Hatoi risiti na haulizi kilichomo. Mzee Amin hakumwachia mwanawe mali nyingi, lakini alimwachia hilo, kwamba mtu akisema "iko kwa Abdulbasit" mazungumzo huishia hapo.

Sasa, mtu huyu mwenye jina hilo, Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba alitoka msikitini kabla ya wenzake, akaufunga mlango wa duka kwa ndani, akachemsha birika la maji na kuifungua kwa mvuke bahasha ya Loise Wakesho.

Loise, ambaye mjini wote humwita Mama Abby, ni mjane wa Werugha. Kwa miaka thelathini aliteremsha kabichi, mboga na avokado hadi soko la Voi, na kwa miaka hiyo yote alipumzikia kwenye kigoda kilicho ndani ya duka la Abdulbasit akisubiri gari la kurudi. Walijuana kwa namna ile ya watu wasiotembeleana nyumbani lakini wanaojua nani kwa mwenzake ameumwa na nani amefaulu mtihani. Mumewe Loise alipofariki, Abdulbasit alipanda milima kwenda kumzika, akasimama kwenye baridi na kanzu yake nyepesi akitetemeka mpaka mtu akamwazima koti.

Sababu ya kuifungua bahasha ni ya kutia aibu hata kuisema. Mwanawe Miraj, afanyaye biashara ya vipuri Mombasa, alikuwa akitafuta kiwanja upande wa stesheni mpya ya reli, na kulikuwa na fununu kwamba marehemu mumewe Loise aliacha kiwanja huko. Abdulbasit alitaka kujua hati ina jina la nani kabla hajagusa mazungumzo hayo. Angeweza kumwuliza mwenyewe. Ila ukiuliza unaweza kuambiwa hapana, na ukichungulia hakuna wa kukukatalia.

Ndani alikuta hati, yenye jina la Loise bila doa, na cheti cha kifo cha marehemu. Chini yake kulikuwa na paspoti. Hiyo hakuitarajia. Aliifungua, akaiona picha ya Loise akiwa amekaza macho kama mtu anayeulizwa alipokuwa jana, akapekua kurasa zote na kuzikuta nyeupe, hazijagongwa muhuri hata mmoja. Akaisoma tarehe ya mwisho, kumi na tisa Agosti ya mwaka unaofuata, bila nia yoyote, vile mtu anavyosoma bango la barabarani gari likiwa linakwenda. Halafu akarudisha kila kitu, akapaka gundi, akakalia bahasha ile nusu saa ili ishike. Sahihi ilikutana vizuri, isipokuwa mkia wa herufi moja uliopanda kidogo. Kwa kuona haya sasa kumgusia Loise, alimpigia Miraj akamwambia kiwanja kile hakiuzwi, akaapa moyoni kwamba jambo hilo limekwisha.

Mwezi wa Januari Loise alikuja dukani akiwa na furaha iliyomzidi. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akasema, "Baba Miraj, mimi naenda baharini."

Abby, bintiye wa pekee, alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli kubwa ya watalii, moja ya hizo zenye ghorofa kama kumi, inayozunguka dunia na watu waliostaafu vizuri. Alikuwa na miaka mitatu na nusu hajakanyaga nyumbani. Mkataba ukiisha anapewa mwingine, na ukikataa kuna wengine mia wanaongojea. Sasa meli hiyo ingefika Mombasa kwa safari moja tu, tarehe mbili Machi, ichukue abiria, ipite Zanzibar, Shelisheli na Morisi, kisha irudi Mombasa tarehe kumi na sita. Siku za kupakia na kushusha abiria wahudumu hawaruhusiwi kushuka kwa sababu ndizo siku za kazi nyingi kuliko zote. Lakini kampuni humruhusu mfanyakazi kumleta mzazi mmoja kwa nauli ya chini, na Abby alikuwa ameshalipa.

"Siku kumi na nne," Loise alisema. "Atakuwa anafanya kazi yake, sawa, lakini jioni nitakuwa namwona. Si unajua haya macho."

Abdulbasit alijua. Loise alikuwa na presha ya macho. La kushoto lilishazima, na la kulia lilikuwa likijifunga taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, hata mtu akija upande wake anashtuka. Daktari wa Mombasa alimwambia labda mwaka mmoja, labda chini ya hapo, matone yanachelewesha tu. Hakuna aliyejua hayo zaidi ya kakake Geoffrey, mkulima wa ndizi huko Mahoo karibu na mpaka, na Abdulbasit. Abby mwenyewe hakuwa ameambiwa.

"Nataka nimwangalie vizuri nikiwa bado naona," Loise alisema. "Alienda akiwa mwembamba. Sasa kwa picha naona amenenepa, lakini picha ya simu ni kidogo, sioni kitu."

Abdulbasit alimpongeza kwa moyo mmoja, na siku hiyo hakukumbuka lolote. Alimpa kikoi cha kujifunika kwenye upepo wa baharini na akakataa kulipwa.

Mwanzoni mwa Februari alikuja kuichukua bahasha. Abdulbasit aliinama chini ya kaunta, akalifungua kasha, na alipoishika tu ile bahasha kumbukumbu ikamrudia yote: birika, mvuke, picha, kurasa nyeupe, kumi na tisa Agosti. Akainuka polepole akisingizia kiuno.

"Karibu kitu chako, Mama Abby," alisema. Halafu, kwa sababu tarehe ilikuwa inamwasha kichwani, akaongeza, "Na hiyo paspoti yenyewe ina muda?"

"Iko na muda. Abby aliniuliza hiyo maneno Januari. Aliniambia, Mama, hii meli haitaki paspoti iko chini ya miezi sita. Nikampigia Geoffrey tukahesabu na yeye. Mimi naikumbuka ni Agosti kumi na tisa. Kutoka Januari mpaka hapo ni miezi saba na siku kadhaa. Geoffrey hata alinicheka. Akasema yeye kila wiki anavuka mpaka pale Holili na ile karatasi tu, na hakuna siku ameulizwa mambo ya miezi."

Hapo ndipo Abdulbasit alipoliona kosa. Walikuwa wamehesabu kuanzia siku waliyoulizwa. Miezi sita haihesabiwi hivyo. Inahesabiwa kuanzia siku ya kurudi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Voi, kwa sababu mwaka uliopita walipokuwa wakijiandaa kwenda Umra, wakala wa Mombasa aliirusha paspoti ya mkewe Ruweida mezani na kusema haifai. Ruweida naye alikuwa amehesabu kwa furaha kuanzia siku ya kulipa. Iliwabidi waombe mpya, wakaachwa na kundi la kwanza, wakaenda na la pili. Ile mpya ilichukua siku kumi na mbili.

Kabla Loise hajamaliza kusema, Abdulbasit alikwisha kupiga hesabu. Kumi na sita Machi hadi kumi na tisa Agosti ni miezi mitano na siku tatu. Paspoti ilipungukiwa na wiki nne. Na siku ile walikuwa na karibu wiki nne kabla ya safari, muda wa kutosha kabisa kupata mpya kama angeanza kesho yake.

Alichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja. Wala haikuwa na hatari kwake, maana Loise alikuwa ameitaja tarehe kwa kinywa chake mwenyewe. Angesema, Mama Abby, hesabu inaanza siku ya kurudi, Ruweida yalimkuta hayo hayo. Mtu mwenye moyo safi angeisema hata bila kufikiri. Lakini Loise alikuwa ameishika ile bahasha, na kwa kuwa macho yake hayakumsaidia, alikuwa akiikagua kwa vidole. Dole gumba lake lilipita juu ya kifuniko, likarudi, likasimama pale gundi ilipoganda kidonge. Abdulbasit aliliona dole lile na hakuona kitu kingine dukani. Alitaka jambo moja tu, bahasha itoke mlangoni mwake upesi, iende ikafunguliwe huko Werugha, ichanwe, itupwe.

Loise aliinua uso kama mtu anayetaka kuuliza neno.

"Basi sawa," Abdulbasit aliwahi. "Miezi saba inatosha. Safari njema, Mama Abby, wahi gari lisikuache."

"Haya," Loise alisema, akaitia bahasha kwapani. "Asante kwa kuniwekea." Akaondoka akipapasa ukingo wa mlango.

Siku zilizofuata Abdulbasit aliishi na ile "basi sawa" yake kooni. Asubuhi ya kwanza alijiambia atampigia saa nne. Ilipofika saa nne alijiambia ataonekana mjinga, kwa nini hakusema jana. Siku ya tatu alijiambia huenda meli hiyo si wakali kama wakala wa Umra, huenda watu wa baharini wana huruma zao. Siku ya sita akapiga. Loise akaitika kwa sauti ya mtu aliyeinama shambani, na Abdulbasit, mtu wa miaka sitini na miwili, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nilitaka kukukumbusha ubebe sweta. Nasikia melini kuna baridi."

"Nimeweka mbili," Loise alisema. "Asante sana. Mungu akubariki kwa kunifikiria."

Alipokata simu alijichukia. Kila siku aliyokaa kimya ilifanya ukimya uwe mgumu zaidi kuuvunja, kwa maana sasa angepaswa kueleza na siku zenyewe. Siku kumi na mbili zilipobaki alijua kwamba bado inawezekana. Zilipobaki kumi alijua kwamba haiwezekani tena, na, Mungu amsamehe, alihisi nafuu kidogo, kama mtu aliyepitwa na gari ambalo hakutaka kulipanda. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko yote. Ruweida alimwona anachezea chakula, akamwuliza kulikoni.

"Sukari," Abdulbasit alijibu.

Tarehe mbili Machi alikata mita tatu za kitambaa mahali pa mita mbili, akamwachia mteja. Tarehe tatu hakuna habari iliyokuja. Alianza kutumaini, na kutumaini kwenyewe kulimpa haya. Tarehe nne, saa tano asubuhi, Loise aliingia dukani na begi kubwa la safari ambalo bado lilikuwa na utepe mwekundu alioufunga ili alitambue kati ya mengine.

Alikaa kwenye kigoda. Hakuvua viatu.

"Walinirudisha," alisema.

Abdulbasit alishika kaunta. Hakuuliza kwa nini, na hilo peke yake lilitosha kumfichua kama Loise angekuwa anasikiliza. Lakini Loise alikuwa akisimulia huku ametazama mlangoni, kwenye mwanga.

"Kulikuwa na kijana pale mezani, mpole sana, hata sikuweza kumkasirikia. Alisoma paspoti, akaniuliza narudi lini. Nikamwambia kumi na sita. Akaanza kunihesabia kwa vidole kama mwalimu wa nasari. Aprili moja, Mei mbili, Juni tatu, Julai nne, Agosti tano. Akabaki na kidole kimoja juu. Akaniambia, Mama, pole, huyu mmoja hayuko. Nikamwambia nimehesabu na kakangu ikafika saba. Akasema tunahesabu kutoka siku ya kurudi, ndiyo sheria ya meli."

"Na Abby?" Abdulbasit aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alijaribu. Aliongea na mkubwa wake, mkubwa akaongea na mwingine. Kushuka akakatazwa, vyumba havijatandikwa. Basi akanipigia. Mimi niko nje kwa ile fensi na begi. Akaniambia, Mama, angalia juu, niko kwa ukingo wa ghorofa ya nne, nimevaa nyeupe, napunga kitambaa." Loise alijifuta pua kwa kiganja. "Nikamwambia nakuona, mwanangu, umependeza. Baba Miraj, sikuwa naona. Niliona kitu kirefu cheupe, basi. Alipunga mpaka wakamwita. Mimi pia nikapunga, sijui nilikuwa napungia nani."

Nje mtu alikuwa akibishana bei ya nyanya.

Loise alifungua begi na kutoa chupa ya asali, iliyofungwa kwa mifuko mitatu isimwagike, na furushi la mnavu uliokaushwa. "Hii ilikuwa ya Abby. Nyumbani niko peke yangu, nitakula na nani? Mpelekee Ruweida. Na usinionee huruma sana. Ni makosa yetu, mimi na Geoffrey. Tulihesabu vibaya."

Kama angemlaumu, Abdulbasit pengine angejitetea, na ukimya wake ungezeekea tumboni. Lakini alipoiona asali ile inasukumwa kuelekea kwake juu ya kaunta, alihisi hawezi kuigusa.

"Mama Abby," alisema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile uliyokuja. Ulipohesabu miezi, nilijua si hivyo. Ruweida yalimkuta mwaka jana. Nilijua hesabu inaanza siku ya kurudi, na nilijua wiki nne zingetosha kupata mpya. Nikakwambia basi sawa."

Loise aligeuza kichwa chote, vile anavyofanya ili jicho la kulia limpate mtu. Alimtafuta mpaka akampata.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeifungua bahasha yako. Mwezi wa Novemba. Nilitaka kuona kiwanja kina jina la nani, Miraj alikuwa anatafuta. Ulipokuwa unaishika pale mbele yangu niliogopa utajua. Nikataka uende haraka. Hiyo tu. Hakuna sababu nyingine ya maana. Nilitaka uende."

Alingoja atukanwe. Alikuwa tayari kutukanwa, hata alilitamani tusi, lingemfaa kidogo.

"Hiyo ya kufungua nilijua," Loise alisema.

Abdulbasit hakuelewa.

"Siku ile nilikuja na mambo mawili," Loise aliendelea, bila haraka. "Kuchukua bahasha, na kukuomba uifungue unisomee hiyo tarehe, kwa sababu mimi naikumbuka tu, sioni. Na nilitaka nikuulize mambo ya hiyo miezi, kwa kuwa wewe umesafiri na Geoffrey anajua Holili peke yake. Nikashika pale kwa gundi, nikajua imefunguliwa. Mimi gundi yangu napaka kidogo. Nikaona nikikwambia ufungue mbele yangu utaaibika, na miaka thelathini haujanikosea. Nikasema wacha niende, Geoffrey atanisomea. Geoffrey akasoma, na ni Agosti kweli."

Abdulbasit alikaa chini, juu ya marobota ya shuka. Alikuwa ameiona siku ile kwa upande mmoja tu, upande wa dole gumba. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba ule uso ulioinuliwa ulikuwa na swali lenyewe, swali lile lile ambalo yeye peke yake mjini alikuwa na jibu lake, na kwamba lilimezwa ili yeye asione haya. Alilia bila sauti, na akashukuru, kisha akajilaumu kwa kushukuru, kwamba Loise hawezi kuona machozi kutoka pale alipokaa.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui," Loise alijibu. "Nimechoka sasa. Uniulize siku nyingine."

"Kesho twende Mombasa, tuombe mpya. Nitakupeleka mwenyewe, kila kitu juu yangu. Meli si itarudi?"

"Siku hiyo ya kumi na sita hawaachwi kushuka, na safari nyingine Abby amesema labda mwakani. Daktari naye amesema labda." Alianza kufunga begi, vidole vikitafuta zipu. "Watanipa paspoti ya miaka kumi, Baba Miraj. Nitaifanyia nini miaka kumi?"

Zipu ilipofunga, Loise aliuliza, "Umefungua za wengine?"

"Wallahi, ni yako tu."

"Basi usiwaambie."

"Nataka niwaambie. Nataka niwarudishie wote, kila mtu aje achukue chake. Sistahili kuviweka."

"Hustahili," Loise alikubali, kama mtu anayekubali kwamba leo ni Jumatano. "Lakini watapeleka wapi? Huyo mama wa Mgange mwenye vijana walevi, ukimrudishia hati leo, kesho hana shamba. Weka. Na usifungue."

Hiyo ndiyo hukumu aliyopewa, na aliona ni nzito kuliko kutangazwa sokoni. Angebaki na jina lake. Wangeendelea kuja, wangeendelea kumpa kwa mikono miwili na kumwambia Mungu akubariki, naye angeendelea kuitika amina, mpaka afe.

Loise aliinuka na begi lake. Hakuichukua asali wala hakuitaja tena. Alipapasa ukingo wa mlango, akashuka ngazi, akasimama pembeni mwa barabara ya soko ambako bodaboda zilikuwa zikipita pande zote mbili bila kungojana. Abdulbasit alitoka, akasimama nyuma yake hatua mbili. Alitaka kumshika begi na akaona haya hata kujitolea. Loise alinyoosha mguu, pikipiki ikampigia honi kutoka upande wa kushoto, akarudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi.

"Baba Miraj," alisema bila kugeuka. "Uko hapo?"

"Nipo."

"Nivushe basi."

Akanyoosha mkono nyuma, ukatafuta hewani kidogo, na Abdulbasit akaushika. Wakavuka hivyo, pole pole, yeye akitazama kushoto na kulia kwa niaba ya wote wawili, na Loise akimfuata hatua kwa hatua, kwa kuwa hapo barabarani hapakuwa na mkono mwingine karibu.